Mkwe wa Mstari wa Mia Mbili na Kumi

Saa nne asubuhi, Jumatano, Zuena alimaliza kitumbua cha pili, akafuta mafuta vidoleni kwa fomu iliyoharibika, kisha akalipitisha faili la kijiji cha Puge kwenye Kinyoosho.

Faili lenyewe lilikuwa maandishi matupu ya kuiambia mitambo ya maji ifanye nini: tangi, chini yake bomba, chini ya bomba koki, chini ya koki kaya, na kila kaya na jina la mwenyewe. Kilicho chini ya mwenzake husogezwa ndani kidogo. Ukikosea nafasi moja mtambo hauelewi, na mtambo usipoelewa hautoi maji. Ndiyo kazi ya Kinyoosho: kinanyoosha mistari iliyopinda, kinakagua kama kila kitu kina kinachotakiwa, halafu kinasema Sahihi au Kosa. Neno la tatu hakina.

Siku hiyo kilisema Kosa. Mstari wa mia mbili na kumi, jina halipo.

Zuena akafunua fomu za karatasi. Zilijazwa na Festo, mwandishi wa kijiji, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa mapadri wa Kipalapala. Kaya zote alizijaza, ila hiyo moja mahali pa jina kaacha peupe. Akampigia simu.

"Festo, hii kaya ya koki ya saba ni ya nani?"

"Ya yule bibi wa karibu na josho."

"Ana jina?"

"Analo."

"Basi nitajie."

Jogoo akawika upande wa Puge.

"Dada Zuena, yule kanizalia mke. Jina lake halipiti mdomoni mwangu, wala kwenye kalamu. Nyie watu wa mjini mkwe mnakula naye sahani moja. Mie nikimwona njiani naingia porini."

"Hata kwa serikali?"

"Serikali haijaniozesha."

Uzinduzi wa mradi ulikuwa kesho yake. Mzee Nasri, mkuu wa ofisi ya maji, alikwishakodi maturubai. Kwa hiyo Zuena aliweka alama ya reli mbele ya mstari wa mia mbili na kumi. Mstari wenye alama hiyo haufutiki, mtu anaweza kuusoma, lakini mtambo unaupita kama unavyolipita kaburi la mtu asiye wako. Kinyoosho kikasema Sahihi. Zuena alipanga kuliweka sawa Ijumaa. Ijumaa akasahau.

Wiki ya tatu bibi mwenyewe alikuja Tabora. Kondakta hakumdai nauli. Siti yake aliuziwa abiria mwingine, akamkalia mapajani kutoka Puge mpaka stendi. Mlinzi wa ofisi hakumwuliza anakwenda wapi. Zuena alimwona, kwa sababu ndiye pekee aliyejua kwamba mstari upo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Sauti yake ilikuwa ya majani ya mahindi yaliyosahaulika shambani.

Zuena akammiminia maji. Maji yalifika mdomoni mwa bibi, yakagawanyika, yakapita mashavuni bila kumlowesha, yakaishia sakafuni.

"Ndivyo yanavyofanya," bibi akasema. "Ya koki, ya kisima, hata mvua. Inanyeshea maharage yangu mie inaniruka. Julieth, binti yangu, hupita kila siku na ugali. Nikiutia kinywani unarudi unga. Nilidhani nimelogwa na watu wa Nzega, lakini mchawi hana mpangilio namna hii."

"Jina lako nani, bibi?"

"Mhoja binti Ngollo."

Zuena akaiondoa alama ya reli, akaliandika jina. Kinyoosho kikasema Kosa: jina halimo kwenye fomu iliyosainiwa. Papo hapo koki zote za Puge zikakauka, maana faili lenye kosa halimpi maji mtu yeyote. Simu zikaanza kulia. Mzee Nasri akatokeza kichwa mlangoni.

"Zuena, ng'ombe mia nne wako kwenye birika wanalamba saruji."

"Dakika mbili, mzee."

Akampigia Festo. Akamwambia aandike jina tu, asilitamke.

"Dada, nitamjengea nyumba ya bati. Nitamchinjia dume. Jina hapana. Nikiliandika mie, watoto wangu watazaliwa viwete."

"Basi aandike mkeo."

"Akiandika Julieth, anayesaini ni mimi. Kusaini ni kusema." Alikuwa analia, na hakuwa anaigiza. "Mwambie namheshimu sana."

Zuena akamwambia bibi.

"Najua," akasema Mhoja. "Mkwe mzuri yule. Sasa hivi nani hana maji?"

"Puge nzima."

"Waache wakae hivyo wiki tatu. Nami nitakaa hapa nao."

Alitaka kunywa, basi, na alilisema hilo akiwa ameushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Zuena alitazama ile mikono. Kisha akabonyeza kitufe kimoja, alama ya reli ikarudi mahali pake. Kinyoosho kikasema Sahihi. Simu zikanyamaza. Mzee Nasri akasema ahsante, mwanangu, akarudi kwenye chai yake.

Mhoja alirudi Puge. Kufikia kiangazi alikuwa mwepesi kama michembe, vile viazi vya kukaushwa juani, na Julieth alimtoa nje kwenye mkeka asubuhi na kumwingiza jioni, kwa mkono mmoja. Upepo ukivuma alimwekea jiwe kwenye upindo wa kanga. Hakufa. Alikuwa akisema "maji", na watu waliokuwa wakipita hawakugeuka.

Mwezi wa kumi likaja toleo jipya la Kinyoosho. Toleo hilo hufuta kabisa mistari yote yenye alama ya reli, ili faili liwe jepesi. Kabla ya kufuta huuliza: uhakika? Zuena alikaa mbele ya swali hilo tangu saa tatu mpaka adhana ya adhuhuri. Mzee Nasri aliuliza kinachochelewesha ni nini. Zuena akakijibu Kinyoosho: ndiyo.

Wiki iliyofuata alitumwa Puge kukagua mita. Koki ya saba haikuwa na hitilafu. Mchana akakaribishwa kwa Festo. Julieth alisonga ugali, akapakua sahani tatu, kisha akapakua ya nne, akasimama nayo mlangoni akitazama upande wa josho.

"Ya nani hiyo?" Festo akamwuliza mkewe.

Julieth akaitazama sahani. Akamtazama Zuena, kama mjini huenda wanajua. Zuena akasema wako watatu, sahani tatu zinawatosha.

Ugali ule Julieth akawapa mbwa, nao wakaula wote.