Insha Iliyonyooshwa

Mwalimu wa Kiswahili wa darasa la sita alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Wanafunzi walimwita Wino Mwekundu. Alijua, wala hakuchukia. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa akipeleka insha kwenye mashindano ya shule za msingi, na kila mwaka alirudi na asante tupu. Shule ile haikuwahi kushinda chochote zaidi ya kuvuta kamba.

Halafu mwaka huo akaipata insha ya binti wa kinyozi.

Kinyozi alijulikana mtaa mzima. Kibanda chake kilikuwa kati ya duka la simu na mashine ya kusaga, na watu walikwenda hata kama nywele hazijaota, kusikiliza maneno tu. Alikuwa na mdomo, si mchezo. Asubuhi moja, akiwa katikati ya kidevu cha mteja, wembe ulimponyoka mkononi na mdomo ukaenda upande. Kiharusi. Alirudi kutoka hospitali baada ya wiki sita, mguu mmoja ukiburuzwa, na sauti iliyombakia ilikuwa moja tu: "Bo." Wateja walikuja kumpa pole wiki ya kwanza na ya pili, kisha wakahamia kwa kinyozi mwingine. Mkewe akashika kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni.

Binti yao alikuwa na miaka kumi na miwili, mkimya, wa dawati la tatu karibu na dirisha. Aliandika kurasa mbili.

"Baba yangu ana neno moja," ndivyo ilivyoanza. "Bo ya haraka ni maji. Bo ndefu ni redio izimwe, habari zinamchosha. Bo ya kutazama mlangoni maana yake mama amechelewa. Akisema bo huku ananiangalia usoni, hiyo ni mimi. Mama bado anakosea, anampa maji wakati anataka redio izimwe. Mimi sikosei. Ila kuna bo moja anaisema akiwa peke yake uani, na hiyo sijaijua."

Mwalimu aliisoma katika chumba cha walimu, akavua miwani, akafuta machozi mpaka kengele ikalia. Kisha akakumbuka majaji. Mwaka uliopita waliandika kwamba insha za shule yake zina huzuni mno, hazimpi msomaji matumaini. Alasiri akamwita mtoto.

"Insha yako nzuri sana, mwanangu. Tutaipeleka. Ila tuinyooshe kidogo."

"Sawa, mwalimu."

"Hapa tuseme baba anakupa moyo. Anakushauri mambo ya masomo."

"Lakini baba haongei, mwalimu."

"Najua. Insha si kiapo cha mahakamani. Kutia chumvi kunaruhusiwa."

Mtoto alichezea kifuniko cha kalamu. "Na bo?"

"Bo tuiache. Watu hawataielewa."

Alianza na nukta na mikato, kama kawaida yake. Kutoka hapo akabadilisha aya ya kwanza, kisha ya pili. Mtoto aliinakili upya mara tatu kwa mwandiko wake mwenyewe, na ilipofika mara ya tatu, neno lililobaki la kwake lilikuwa "baba". "Mtu akikuuliza," mwalimu alimwambia, "sema ni yako. Si umeiandika kwa mkono wako?" Karatasi za mwanzo zikaingia kwenye pipa la taka, na taka za shule huchomwa kila Ijumaa.

Insha ilishika nafasi ya kwanza kati ya shule arobaini na mbili.

Mwalimu mkuu, mtu mfupi mwenye sauti ya spika, hakulala kwa furaha. Aliitisha sherehe ya kuwapongeza wanafunzi wote waliofanya vizuri. Michoro ilibanwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba kando ya ukuta wa madarasa. Kulikuwa na malori ya waya, ng'ombe wa udongo mwenye miguu mitano ambaye mtengenezaji wake alimtetea kwa nguvu zote, ngonjera za darasa la tatu, na vyeti vya hisabati. Wazazi walijaa chini ya turubai. Mwisho wa yote, mshindi wa insha angesoma.

Mwalimu alipomwona kinyozi anaingia getini, roho ilimruka. Tangu augue, mtu yule hakuwahi kutoka nyumbani. Sasa alikuja ameshikwa mkono na mkewe, shati jeupe limepigwa pasi na kufungwa vifungo mpaka shingoni. Watu walimpisha, akakalishwa mstari wa mbele.

Binti yake alipanda jukwaani. Alimwona baba yake, akatazama karatasi, akamtazama mwalimu. Mwalimu alitikisa kichwa kwamba aendelee. Hata yeye hakujua angefanya nini kingine.

"Baba yangu ni nguzo ya nyumba yetu," mtoto alisoma. Kinyozi akatabasamu kwa upande mmoja wa uso, ule uliokuwa bado unamtii. "Kila jioni huniketisha karibu yake, na kwa sauti yake nzito huniambia..."

Hapo alikwama. Mwalimu mkuu akadhani ni woga, akapiga makofi kumtia moyo, na watu wakafuata.

"...huniambia, mwanangu, soma kwa bidii, mimi niko nyuma yako. Maneno yake matamu hunifariji kila ninapokata tamaa."

Wale wa mtaani waliinamisha macho. Nyuma huko mtu alicheka puani. Tabasamu la kinyozi liliondoka taratibu. Aliinuka kabla insha haijaisha, akapita kando ya michoro ya watoto, mguu ukichora mstari kwenye vumbi, akatoka getini bila kugeuka. Mkewe alisimama nusu, akakaa, akasimama tena, hajui amfuate mume au ampigie mtoto makofi. Mwishowe akapiga makofi, peke yake, haraka haraka.

Mgeni rasmi alimkabidhi mtoto kikombe. "Baba yuko wapi? Aje tupige picha."

"Ametoka kidogo," alisema mwalimu mkuu.

Jumatatu, mama wa mtoto alimsubiri mwalimu getini.

"Mwalimu, mume wangu hataki mtoto amsogelee. Akimpelekea uji, anageuza uso ukutani. Anaona mtoto anamwonea haya, ndiyo maana amejitungia baba mwingine."

"Mtoto mwenyewe anasemaje?"

"Anasema insha ni yake. Ukimuuliza zaidi, analia."

Mwalimu alikwenda moja kwa moja ofisini, akasema yote, akaomba majaji waandikiwe barua.

"Mwalimu," alisema mkuu, "nani hapa hajawahi kumsaidia mtoto? Wazazi wana furaha, kikombe kipo kabatini. Acha mambo yalale."

Akayaacha yalale. Lakini Jumamosi alipiga moyo konde akaenda nyumbani kwa kinyozi. Kilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Alipewa kigoda. Mtoto alisimama mlangoni, mama pembeni ya kitanda.

"Baba," mwalimu alianza, "yale maneno yalikuwa yangu. Yeye aliandika mengine kabisa. Aliandika kwamba anakuelewa. Kwamba bo ya haraka ni maji, na ndefu ni... ndefu ilikuwa mlango, au..." Aliyachanganya. Kitu kilichomtoa machozi siku ile, mdomoni mwake kilisikika kama dhihaka.

Kinyozi alimtazama. "Bo," alisema, chini kwa chini.

Mwalimu akamgeukia mtoto. "Anasemaje?"

Mtoto alimtazama mama yake. "Anasema asante kwa kuja, mwalimu."

Mama aliinamisha kichwa. Mwalimu alielewa kwamba amepewa tafsiri ya adabu, si ya kweli, akaaga.

Ulipita zaidi ya mwezi ndipo kinyozi akapokea tena uji mkononi mwa binti yake. Alikunywa nusu. Darasani, mtoto aliendelea kuandika insha kila ilipotakiwa: ukurasa mmoja, safi, kuna nguzo, kuna sauti nzito, hakuna pa kutia wino mwekundu. Mwalimu alimpa alama zake na kila mara alitafuta la kumwambia, akalikosa.

Mwaka uliofuata, kwenye sherehe kama ile, mtoto alipata cheti cha hisabati. Mama yake alikuja peke yake na sare ya kazini, akasimama nyuma kabisa, akaondoka kabla ya kwaya. Mwalimu alimpigia mtoto makofi akiwa amesimama, akaendelea hata wengine walipomaliza, mpaka mwalimu mwenzake akamvuta sketi ili akae.