Alama za Kidole Gumba

Marehemu mume wa mjane huyu alikuwa na mtindo wake: kila tofali alilofyatua alilibonyeza kidole gumba lingali bichi, kabla ya kulichoma. "Likiibwa nitalijua," alikuwa akisema. Kwa matofali hayo alimjengea mkewe vyumba viwili, kisha akafa.

Shemeji wa mjane, ndugu wa marehemu, alikuja shambani na ramani ya nyumba ya wageni, vyumba sita, na ulimi wa asali.

"Shemeji, cha sita ni chako, kile cha dirisha la mashariki. Ila matofali yamepelea. Tubomoe hiki kibanda chako, si unahamia kwenye raha?"

"Na mpaka kiishe nilale wapi?"

"Stoo ya saruji. Wiki mbili tu. Subira yavuta heri, au umesahau?"

Mjane akabomoa kwa mikono yake, tofali kwa tofali, asivunje hata moja. Akayabeba kichwani. Ukuta wa chumba cha sita ulipoinuka, aliumwagilia maji asubuhi na jioni siku saba, saruji ishike.

"Alama zitazame ndani, fundi," alikuwa amemsihi tangu tofali la kwanza. "Nikilala nizione."

"Mama, wewe umeolewa na ukuta!" Fundi alicheka, lakini alizigeuza.

Ikafika siku ya lipu. Shemeji mtu alisimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Piga kote."

"Hata humu kwa mama?" fundi akauliza.

"Mama gani? Mgeni aje alale akitazamwa na vidole vya maiti?"

Mjane alitua ndoo. "Shemeji, uliniahidi."

"Niliahidi, sikuapa. Tena hii nyumba ni ya wageni, wewe mwenyeji. Stoo haikutoshi? Saruji imekwisha, sasa utanyoosha hata miguu!"

Vibarua wakaangua kicheko. Fundi naye alicheka, kichwa kainamisha, huku mwiko wake ukifukia gumba la kwanza, la pili, la kumi. Kufika adhuhuri ukuta ulikuwa laini kama sahani.

Lakini lipu nayo hutaka maji, la sivyo hupasuka na yaliyo chini yakaonekana. Kesho yake shemeji alimsukumia mjane ndoo kwa mguu.

"Kazi hii unaijua. Nikiona ufa, hata stoo utaisikia kwa jirani."

Mjane aliitazama ndoo. Akautazama mlango wa stoo, kufuli likining'inia.

Akamwagilia. Asubuhi na jioni, siku saba. Ukuta haukupasuka popote.