Mlolongo wa Padi, Kibodi na Miwani

Gerishon Njau aliamka Jumamosi hiyo akiwa amekasirika, na hasira ilimkaa vizuri kama koti lililoshonwa na fundi anayekujua. Alimaliza chai kwa haraka, akatia padi yake ya kuchezea gemu mfukoni, akashuka kuelekea ukumbi wa kanisa pale Mwihoko huku akihutubia barabara nzima.

"Ati miwani! Mtu mzima anafunikwa macho, anarusha mikono peke yake kama anayefukuza nyuki, halafu tunaambiwa hayo ni maendeleo!"

"Mzee leo ameamka nayo," mwanamke mmoja akamwambia mwenzake, na wote wawili wakacheka.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mashine ya gemu ya ukumbini ilikuwa imekufa, na harambee ikaleta pesa za kununua kitu kimoja tu. Wengine walitaka mashine nyingine kama ile, ya kuchomeka kwenye TV na kuchezwa kwa padi. Wengine walitaka kompyuta. Wengine, waliokuwa wameonja jumba jipya la gemu kule Kamakis, walitaka miwani ya kuvaa usoni, ile inayokuingiza ndani ya mchezo hadi usahau ulikoacha viatu.

Gerishon alitaka padi. Kila Jumamosi yeye na rafiki yake Barasa walicheza kandanda pale, wamebanana kwenye benchi moja, bega kwa bega, wakitukanana kwa mapenzi. Tangu kiwanda cha nguo kule Thika kiwafukuze wote wawili kwa kosa la kudai haki yao, hakuna kitu kilichompa raha kama benchi lile. Miwani ingemnyang'anya rafiki. Na kompyuta, kwa maoni yake, ilikuwa kitu cha ofisini, na ofisini ndiko barua za kufukuza watu zilikopigwa chapa.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Tabby, mwenyekiti, alianza kukata vipande vya karatasi za kura.

"Weka makasi chini, mama!" Gerishon akanguruma. "Karatasi ikiingia ndani ya boksi hutoka imezaa. Tutapiga mlolongo. Kila mtu asimame nyuma ya mtu wake, mchana, tuonane sura."

Kisha akawageukia vijana. "Uchaguzi wa mwaka wa themanini na nane nilikuwa kijana kama nyinyi. Nilisimama kwenye mlolongo mrefu kama treni. Kando yetu kulikuwa na mwingine, mfupi kama mkia wa mbuzi. Ofisa akatazama treni, akatazama mkia, akatangaza mkia umeshinda. Sijasahau! Hata kofia yake naikumbuka."

"Sasa Guka," akauliza mjukuu wake, Njambi, "kama mliibiwa kwa mlolongo, mbona unautaka tena?"

"Mlolongo haukuiba. Aliyeiba ni mwenye kuhesabu. Na sheria ni moja: kiongozi akisogea, watu wake wanamfuata. Mstari usikatike."

Basi wakasimama viongozi watatu. Gerishon aliinua padi juu kama mwenge. Njambi, wa kompyuta, alikuwa na kibodi kwapani. Austine, kijana aliyefanya kazi kule Kamakis, alikuwa amevaa miwani aliyoazima kazini, na tayari alikuwa akipigana ngumi na mtu asiyeonekana.

"Padi inafundisha heshima!" Gerishon alihubiri. "Unamfunga jirani yako, unamtazama usoni, anakutukana, mnakula mandazi pamoja. Miwani itakupa jirani gani?"

"Mzee, hii ni dunia nzima, manze!" Austine akajibu, akiyumbisha kichwa kukwepa ngumi. "Niko ulingoni, nasikia watu wakinishangilia!"

"Wanakushangilia wapi? Hapa tunakucheka!"

Njambi aliinua mkono. "Guka, hata mimi nina jambo la kusema kuhusu padi..."

"Maneno yameisha! Watu wajipange!"

Watu wakajipanga. Mistari yote mitatu ilikaribiana sana, na Tabby alikuwa ameanza kugusa vichwa kwa kidole wakati Austine alipopata nafasi ya kummaliza adui yake. Akamsukuma kwa ngumi za kushoto na kulia, akamfuata, akazunguka nguzo. Na kwa kuwa sheria ni sheria, mlolongo wake wote ukamfuata, kina mama wa kwaya na mikoba yao, hadi Austine akafika mkiani mwa mlolongo wa padi na kuanza kumpiga mgongoni mtu wa mwisho.

"Haiya! Wameungana!" mtu akapiga kelele. "Padi juu! Padi juu!"

Kwa kweli mlolongo wa padi sasa ulifika mlangoni. Gerishon alicheka kwa sauti, akageuka nyuma amkumbatie Barasa.

Barasa hakuwapo. Alikuwa amesimama nyuma ya Njambi, kwenye mstari wa kompyuta, akitazama viatu vyake.

"Barasa! Ndugu yangu, hata wewe?"

Barasa akainua mkono wa kulia. Kila mtu alijua kuwa kidole cha shahada kilibaki ndani ya mashine kule kiwandani. "Gerishon, batani ya kukimbia iko nyuma ya padi. Kidole cha kuibonyeza ndicho hiki nisicho nacho. Miaka yote hii wachezaji wangu wanatembea kama wanaenda kumzika mtu."

Ukumbi ukaangua kicheko, naye Barasa akacheka pia. "Kwa kibodi, huyu Njambi amenipangia mbio kwenye kidole gumba."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeitisha maandamano."

Gerishon akaishusha ile padi, akautazama mkono wa Barasa. Kidole kile alikuwa amekililia kwenye lango la kiwanda na mbele ya kila ofisi iliyokuwa na mlango, hadi polisi wakamjua kwa jina la ubatizo. Halafu kila Jumamosi alikuwa anakaa kando ya mwenye kidole, anamfunga mabao, anaita hiyo furaha ya wote wawili.

"Tabby, acha kuhesabu," akasema. "Hawa wa miwani si wangu. Wamepotea njia tu."

Akavuka ukumbi, akasimama nyuma ya Barasa. Mlolongo wake ukamfuata, mmoja baada ya mwingine, na wa miwani nao wakafuata, Austine mbele yao bado akirusha ngumi. Kompyuta ikashinda kwa sababu hakukubaki mstari mwingine wa kuhesabu.

"Nimemwangusha!" Austine akavua miwani, jasho likimtiririka. "Nani ameshinda?"

"Kompyuta," Tabby akamwambia. "Na wewe umeipigia kura."

Njambi akamvuta babu yake shati. "Guka, padi yako inachomekwa kwenye kompyuta pia. Hata miwani, tukiipata siku moja."

"Na ulikuwa unangoja nini kusema?"

"Si nimeinua mkono, ukafunga mkutano!"

Kompyuta ilipokuja, wazee wale walibanana kwenye benchi, mmoja na padi, mwenzake na kibodi magotini. Dakika za mwanzo Barasa alibonyeza ovyo. Kisha winga wake akapata mpira pembeni, kidole gumba kikashuka, na yule winga akachomoka kama mtu aliyefunguliwa kamba, akawaacha mabeki wa Gerishon wakitafutana.

Gerishon alikuwa amesimama, padi inaning'inia mkononi, amesahau kabisa kuwa bao linalokuja ni lake kufungwa.

"Kimbia!" alikuwa akipiga kelele. "Kimbia, Barasa, kimbia!"