Mwalimu Harithi Anasomeshwa

Dionisia alimtambua Mwalimu Harithi kwa kikohozi chake, kabla hata hajageuka kumtazama.

Walikuwa kwenye ukumbi wa shule moja mjini Nachingwea, walimu wa sekondari wa huko na wa Ruangwa, wa Fizikia, Jiografia, Kilimo na Hesabu. Walikuwa wameitwa kufundishwa kwamba kumsaidia mwanafunzi kusoma si kazi ya mwalimu wa lugha peke yake. Mwezeshaji alikuwa Dionisia. Yule mzee aliyekaa nyuma na kofia yake ya kufuma ndiye aliyemfundisha Fizikia kidato cha pili.

Wazazi wa Dionisia walikuwa Wamakonde waliohamia Nambambo, na utotoni ulimi wake haukuiweza "r". Siku moja Harithi alimsimamisha asome kwa Kiingereza habari za msuguano. Badala ya "friction" akatamka "flikisheni". Harithi akamrudisha kwenye neno lile tena na tena, darasa likicheka hadi kugonga madawati. Tangu siku hiyo jina lake likafa. Hata wapishi wa shule walimwita Flikisheni. Alimaliza masomo bila kufungua tena kinywa darasani.

Asubuhi ile alifundisha vizuri sana.

"Mtoto akikosa swali la Hesabu," aliwaambia, "mara nyingi hesabu anaijua, sentensi ndiyo imemshinda. Chambueni kwanza maneno magumu. Waacheni wayajadili hata kwa Kiswahili, wasome wawili wawili, ndipo muwape swali. Na asiyejua kusoma msimsimamishe peke yake mbele ya wenzake. Mtamuua."

Walimu wakaandika. Kisha likaja zoezi: kila mwalimu asome ukurasa wa somo lisilo lake, aonje anachoonja mwanafunzi. Wote waliketi wawili wawili.

"Wewe, mzee wa nyuma," Dionisia aliita. "Njoo hapa mbele."

"Peke yangu, madam?"

"Peke yako."

Harithi alikuja akitabasamu. Dionisia akampa ukurasa wa Baiolojia, maneno marefu ya figo na mkojo. Mstari wa kwanza ukapita. Kwenye wa pili neno moja la figo likamkwamisha.

"Rudia."

Akarudia, akakwama palepale.

"Rudia, mzee. Tunakusikiliza."

Kicheko kilianzia kwa vijana. Edwin, mwalimu wa Jiografia aliyekuwa akifundisha na Harithi shule moja kule Ruangwa, aliinua simu akaanza kurekodi. Dionisia alimwona, akamwacha. Jasho lilimtiririka Harithi chini ya kofia.

"Miwani hii, madam, imeshakuwa ya zamani..."

"Miwani haina kosa. Sema tu hujui."

Mzee akawatazama wenzake mmoja mmoja, wengine aliowapokea kazini wakiwa hawajui hata kushika chaki.

"Sijui," akasema.

Mtu mmoja akapiga makofi. Dionisia akamsogelea, akamnong'oneza, "Mimi ndiye Flikisheni."

Harithi akakunja uso, akatafuta kumbukumbu kwa bidii ya kweli. "Nani, madam?"

Hakukumbuka. Dionisia aliibeba aibu ile miaka yote, na mwenzake hakuwa nayo hata chembe.

Video ilifika Ruangwa kabla ya Harithi. Wanafunzi wakawa wanamkoholea akipita, halafu wanatamka lile neno la figo kwa kulikatakata. Dionisia alisikia habari hizo, akajiambia kwamba yameshapita.

Muhula uliofuata alikwenda Ruangwa kukagua kama mafunzo yameshika. Mkuu wa shule alimpeleka moja kwa moja kwenye darasa la Harithi. "Huyu amebadilika mno," alisema. "Siku hizi kipindi cha Fizikia kizima ni kusoma."

Mbele ya darasa alisimama binti mwembamba wa kutoka Narung'ombe, Faudhia, na kitabu mkononi.

"Rudia," Harithi alikuwa akimwambia.

Faudhia akarudia. Neno likamvunjikia mdomoni, na darasa likalipuka.

"Rudia. Tunakusikiliza. Ama sema tu hujui."

Machozi ya binti yalidondokea kwenye ukurasa. Harithi alipowaona mlangoni, akapiga hatua mbele kwa heshima zote.

"Karibu, madam. Nafanya vilevile ulivyotufundisha."

Alisema bila kejeli. Dionisia alimchunguza usoni akitafuta kisasi, hasira, chochote cha kumlaumu nacho, hakukiona. Mzee alikuwa amejifunza.

Faudhia naye aliinua macho kumtazama mgeni. Ilikuwa zamu ya Dionisia kusema. Neno moja lingetosha: kaa, mwanangu. Lakini angelisema vipi bila Harithi kuuliza kwa nini yeye hakuambiwa akae? Mkuu wa shule alikuwa ubavuni, na Edwin alikuwa amejitokeza dirishani, simu mkononi.

"Vizuri," Dionisia alisema. "Endelea, mwalimu."

Akatoka. Nyuma yake akamsikia Harithi akikohoa, kisha, taratibu, "Rudia."