Fotei za Papa Rébecca

Lusenge alinunua fotei, viti vipana vya kuzama vya sebuleni, bila kupima mlango. Zilikuwa za tajiri mmoja wa Butembo aliyehama, mwenye sebule ya kuchezea mpira. Lusenge, ambaye hupenda vitu vikubwa kuliko anavyopenda kufikiri, akazipakia kwenye lori mpaka kwake Mulekera, mjini Beni. Fundi akabomoa ukuta wa mbele, fotei zikaingia, ukuta ukajengwa tena. Kavuo, mkewe, alisimama uani akiangalia matofali yakipangwa, akajua kwamba zile fotei hazitoki tena.

"Papa Rébecca, umeleta nyumba ndani ya nyumba," alimwambia mumewe.

"Mama, mutu mukubwa anaikalaka ku kiti kikubwa."

Basi. Jumamosi wakwe wangekuja kutoka Butembo kumposa Rébecca, binti wa nyumba hii, na Kavuo alikosa raha. Wageni wa posa huketi upande mmoja, wenyeji upande wa pili, na katikati hubaki nafasi ambapo msemaji husimama kuomba. Asiposimama, hajaomba. Hapa katikati hapakuwa na nafasi hata ya paka kujinyoosha. Kavuo alimwonea bintiye uchungu: watu wangerudi Butembo wakicheka, na kicheko hicho kingemfuata Rébecca hadi jikoni kwa mama mkwe.

Hakukata tamaa. Alitoa meza, akatoa kabati, akashusha mapazia mazito na kutundika mepesi meupe. Vitambaa alivyofuma tangu ujana wake, alipovitandika kwenye migongo ya fotei, vilionekana kama leso za mtoto. Maua ya plastiki akayapandisha juu ya dirisha. Fotei hazikupungua hata kidole.

"Salon imependeza, Mama," Lusenge alisema, akiwa amekwama kati ya viti viwili.

Jumamosi wageni wakafika. Mambo ya pande mbili yakafia mlangoni. Waliingia mmoja mmoja kwa ubavu, kila mtu akakaa alipopata. Mama mkwe akajikuta paja kwa paja na Kavuo, na sahani ya karanga ikapita mkono kwa mkono. Msemaji wao, mzee Gamaliel, mtu wa kitambi cha heshima na sifa ya maneno makali, akazama katika fotei ya mwisho mpaka magoti yakamkaribia kidevu.

Wakati wa kuomba ukafika. Gamaliel akajisukuma. Hakutoka. Akajisukuma tena, akanguruma. Watu wakaangalia miguu yao, na Kavuo akatamani ukuta ubomolewe mara ya pili ili akimbie.

Ndipo Lusenge akamshika mzee mkono wa kulia, shangazi yake Rébecca akashika wa kushoto, na Kavuo mwenyewe akasukuma mgongoni. Gamaliel akasimama akitweta, bado ameshikwa na watu aliokuja kubishana nao.

"Nilikuya na maneno mingi," alisema. "Lakini batu benye kunisimamisha hivi, beko bakwe tayari. Donc mutupatie mutoto, tutamuchunga."

Vigelegele vikatikisa bati. Kavuo alilia kwa furaha, wala hakujificha.

Wakati wa kuagana, mama mkwe akapapasa mkono wa fotei.

"Mama Rébecca, hii kitu ni ya muzuri sana. Mutoto hawezi kuya nayo?"

Kavuo akaangalia mlango, akaangalia ukuta.

"Mutoto mumupeleke," akasema. "Fotei, hapana."