Bushi Iliyobaki Kwenye Karai

Shemeji yangu Telesfori nimemtukana miaka yote niliyokaa Mpanda, naye kanitukana, na hakuna aliyewahi kununa. Ndivyo tulivyo mashemeji wa kwetu. Kamuoa dada yangu Imakulata, kwa hiyo mimi Specioza nina haki ya kumwambia kichwa chake kama boga lililosahaulika shambani, tena mbele ya wateja. Na yeye ana haki ya kunijibu kwamba wachumba wangu wote wamehamia Ugalla kufuga nyuki, wameona nyuki wana afadhali. Wateja wanacheka, kazi inaenda.

Nilikuja kumsaidia dada alipomzaa Fredrick, nikaishia gereji. Gereji yenyewe ni uwanja wa nyumba yao hapa Misunkumilo. Nilianza kwa kuosha bolti, nikahamia kwenye breki, leo nafungua giaboksi mwenyewe, na asiyependa kuona mwanamke chini ya gari aangalie pembeni. Lakini beringi na bushi za miguu ya mbele Telesfori hampi mtu. Anasema macho yanadanganya, kidole hakidanganyi. Anapitisha kidole ndani ya bushi, anakwambia hii imeliwa, hii bado nzima. Watu wanamletea magari kwa ajili ya kidole hicho.

Sasa juzijuzi Mwalimu Sixte, mstaafu wa Karema, akatuletea Volkswagen yake ya mgongo wa kobe. Gari la zamani, kalitunza kuliko meno yake. Shida ilikuwa moja: akipita kwenye makorongo usukani unatetemeka, na tairi la kushoto linataka kwenda kwao. Tukalipiga jeki, nikashika tairi juu na chini, nikatikisa. Likagonga, ngo, ngo.

Kwenye magari haya tairi la mbele linabebwa na vyuma viwili, sisi tunaviita amu. Kila amu ina shina linalozunguka ndani ya bomba. Mdomoni mwa bomba kuna beringi ya vijiti vyembamba, ndani zaidi kuna bushi, kipete kinacholikumbatia shina lisicheze. Zote zilikuwa zimechoka. Mwalimu alishaagiza mpya kutoka Dar, kazifunga kwenye kitambaa kama mayai. Kesho yake alikuwa anashuka Karema na mkewe, na nyie mnaijua ile miteremko ya kushukia ziwani. Usukani ukikataa pale, hatabaki mtu wa kulaumu fundi.

Tukatoa amu, tukang'oa beringi na bushi za zamani. Nikaziosha zote, mpya na za zamani, kwenye karai moja la petroli. Ndivyo tunavyofanya siku zote, kwa sababu shemeji huchagua kwa kidole. Anatumbukiza mkono huku anapiga soga, anatoa anayoitaka bila kuangalia. Mimi mwenyewe nilikuwa naona ni ufundi wa kujivunia. Akachagua, akagonga beringi, akagonga bushi, akajaza grisi, tukarudisha amu. Akatikisa tairi.

"Limetulia," akasema, akaenda kunawa.

Nikabaki kumwaga petroli. Chini ya karai nikakuta bushi inang'aa, mpya kabisa, haijawahi kuonja shina. Nikarudi kwenye gari, nikatikisa tairi la kushoto. Ngo. Kidogo tu, lakini ngo.

Niliingiwa na hofu, na wala si ya bushi. Bushi hutolewa, unapoteza nusu siku basi. Nilikumbuka alivyoshika bomba la ekzosi la moto, na mimi ndiye niliyesikia harufu ya ngozi kabla yake. Ana sukari, wote tunajua. Kumbe vidole vilikuwa vinakufa ganzi, na yeye ama anatuficha ama hajui. Sikujua lipi ni baya zaidi.

Aliporudi nikamwanza kwa njia ninayoijua.

"Shemeji, vidole vyako vimelala. Umemrudishia Mwalimu bushi marehemu."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Umechoka kutafuta mume, sasa unatafuta makosa."

"Kweli tena. Tairi linacheza."

"Linacheza kwa sababu limekuona na ovaroli hiyo."

Dada alikuwa mlangoni anapepeta mchele, naye akacheka. Maneno yangu yote nilishayamaliza kwenye utani. Hata ningemwambia nyumba inaungua, angejibu ni wivu. Hasira zilinipanda, jamani. Nilimkasirikia yeye, nikajikasirikia na mimi, na Mwalimu anakuja jioni kuchukua gari.

Nikasubiri dada aingie ndani. Nikamsogelea nikamwita, "Baba Fredrick."

Sijawahi kumwita hivyo, hata siku ya msiba wa mama yake. Kicheko kikamkauka palepale.

Nikamwekea ile bushi ya kwenye karai kiganjani. "Fumba macho. Niambie ni mpya au imeliwa."

Akafumba. Akapitisha kidole, akarudia. Akabadilisha kidole, kisha akajaribu mkono wa pili. Nilimwona anavyotafuta, nikatamani nimnyang'anye yaishe. Mwisho akafumbua macho, akaitazama bushi, akalitazama na gari.

"Nilidhani ni grisi," akasema. "Asubuhi nikiamka nakuta vidole vizito, nasema ni grisi ya jana, sikunawa vizuri."

Nililia, wala sioni aibu kusema. Yeye hakulia. Alisema tu, "Dada yako nitamwambia mwenyewe," kisha akaenda kuchukua jeki.

Tukafungua upya. Safari hii mimi ndiye niliyegonga bushi, yeye akanishikia tochi. Aliniambia nisiifukuze bushi, niisikilize nyundo, ikibadilika sauti bushi imefika. Hakunitania, na mimi sikumtania, na ule uwanja ukawa mpweke kama si wetu.

Jioni Mwalimu Sixte akaja na kofia yake. Akasimama pembeni ya tairi, mikono nyuma, akamuuliza Telesfori, "Fundi, kesho nishuke nalo?"

Shemeji angeweza kusema ndiyo. Bushi ilikuwa mpya, kazi ilikuwa safi, hakuna ambaye angejua.

"Mwalimu, vidole vyangu havisikii tena," akasema. "Muulize Specioza."

Mwalimu akaangua kicheko, akanigeukia, anangoja nimrudishie shemeji tusi lake kama siku zote. Sikurudisha. Alicheka peke yake kidogo, kisha akavua kofia.

Nikapiga magoti. Gari lilikuwa bado juu. Nikashika tairi juu na chini, nikatikisa kwa nguvu zangu zote, nikatikisa tena. Nilipoinua uso, Telesfori hakuwa anaangalia tairi. Alikuwa ananiangalia mimi usoni, anasubiri, kama mteja.

"Halichezi," nikamwambia yeye, siyo Mwalimu.