Ulungu Ndani ya Finjani

Sijawahi kumpenda Bi Chiku wa mtaa wa Mabawa, na sitaanza leo eti kwa sababu tumekuwa wakwe. Mwanamke gani aje kuposa kwa mtego? Mwanawe Idarusi alimtaka Mwanasiti, binti wa marehemu kaka yangu niliyemlea mwenyewe hapa Ngamiani, na Mwanasiti alimtaka Idarusi mpaka chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Baba wa kijana alikwisha ridhia. Alibaki mama mtu, naye akatuletea kopo.

Lilikuwa kopo la bati, jekundu, limeandikwa Kichina kila upande. Mwanawe mkubwa ni baharia, ndiye aliyerudi nalo kutoka huko meli zinakofika. Mtu aliyetumwa kulileta alikuja na maneno: "Bi Chiku anasema hii ni chai, Wachina wanaiita ulungu. Kesho alasiri atakuja, Mwanasiti amwandalie. Akiiweza, posa imepita. Asipoiweza, atamtafutia mwanawe kwingine."

Nilichemka, lakini hasira haipiki chai. Asubuhi yake nikafungua kopo. Ndani hamkuwa na unga wala majani, ila vifundo vidogo vigumu, rangi ya kijani iliyokaribia weusi.

"Shangazi, haya si mavi ya mbuzi?" Mwanasiti akaniuliza, machozi yanamlengalenga.

Tukafanya kama afanyavyo mtu yeyote wa Tanga akiambiwa chai. Sufuria, maziwa, tangawizi, iliki, sukari ya kutosha, ikachemka mpaka ikapanda. Nikaonja. Yalikuwa maziwa ya tangawizi, na nyuma yake kitu kama jamvi lililonyeshewa mvua. Tukaongeza vifundo, na jamvi likazidi. Mwanasiti akakaa chini pale jikoni akalia kabisa. Nilimwambia anyamaze, lakini moyo uliniuma, maana mtoto yule hajapata kuniomba kitu duniani ila huyo Idarusi.

Nikamwita jirani yangu Yudith, Mbondei aliyewahi kuchuma chai kule Amani kabla mumewe hajapata kazi bandarini. Jina lilimchekesha kwanza.

"Ulungu? Mbona kwetu Mulungu ni Mungu?"

Nikasema astaghfirullahi, nikampa kopo. Akadondosha vifundo vichache kwenye bakuli la maji ya moto, bila kitu kingine, tukainama sote watatu kutazama. Vikaanza kujikunjua. Kila kifundo kikawa jani zima na kikonyo chake, katikati kijani, kingoni jekundu.

"Ni chai kweli," Yudith akasema. "Ila wameiachia njiani. Sisi tuliliacha jani mpaka liwe jekundu lote ndipo likaushwe. Hili si bichi, wala halijaiva."

Tukaonja yale maji. Yalikuwa na uchungu kidogo. Yudith akasema yanataka sukari, nami nilikubali, mkono umeshafika kwenye mkebe wa sukari, ndipo ulimi ukanikumbusha. Uchungu wa namna hii naujua. Nani hapa pwani hutia maziwa kwenye kahawa ya barazani? Kahawa hunywewa chungu, kwa finjani, funda moja moja, na utamu ukae pembeni kwenye tende au kashata. Kosa letu lilikuwa jina tu. Tuliambiwa chai, tukaipikia kama chai.

Bi Chiku akaja alasiri, amejitanda buibui jipya. Mwanasiti akamwamkia shikamoo, akamwekea sinia mbele yake: buli, finjani, na sahani ya kashata za nazi. Hakumwaga hata tone.

"Maziwa yako wapi?" Bi Chiku akauliza. "Hii si chai."

"Kweli si chai," nikamjibu. "Ni ulungu. Onja, Bi Chiku, kisha useme."

Akaonja uso ameshaukunja tayari, na uso ukakunjuka wenyewe. Nami nikanywa yangu. Kwanza ilinukia mahindi mabichi yakichomwa, kisha ikaja harufu ya maua ya kilua, na baada ya kumeza, kooni pakabaki utamu kama nimetafuna muwa. Sukari hatukutia hata chembe. Nilifurahi kupita kiasi, na sikuficha.

Bi Chiku akasogeza finjani. Mwanasiti akatia maji ya moto juu ya majani yale yale, na ya pili ikatoka nzuri kuliko ya kwanza. Mgeni wetu akainywa yote, ndipo akamgeukia Mwanasiti.

"Umeipikaje, mwanangu?"

"Sikuipika, mama. Nimeiloweka tu."

Bi Chiku akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Mie kopo la kwanza nimelimaliza kwa maziwa. Hata paka alikataa. Nilijua na nyie mtashindwa."

"Kumbe ulituletea mtihani ambao hata wewe hulijui jibu lake?" nikamwuliza.

"Ningelijua, ningeuliza?"

Akamshika Mwanasiti mkono, akamkalisha mkekani ubavuni pake, akaomba finjani ya tatu. Alipoimaliza akasema harusi iwe mfungo sita, mwezi wa Maulidi, na bibi harusi aje Mabawa amfundishe mkwewe kuloweka. Sikumngoja abadili neno. Nilipiga kigelegele, Yudith akakipokea kutoka uani kwake, na kabla Bi Chiku hajavaa viatu mtaa mzima ulikuwa mlangoni kwangu ukiuliza harusi ni lini.